"MIMBA SI UGONJWA" NI MANENO YA KUUA

Ndugu Wafanyakazi,

Msimamizi akiombwa ruhusa ya kliniki hujibu, "Mimba si ugonjwa." Nasi waume husema hivyo hivyo nyumbani tunapobania nauli ya matatu. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika Kenya akina mama 355 hufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kama mimba haina neno, hao waliuawa na nini?

Mimba nyingi huenda salama, ni kweli. Lakini ziko mimba za hatari: ya mama mwenye presha au kisukari, ya msichana mdogo, ya aliyepita miaka 35, ya mapacha, ya aliyepasuliwa uzazi uliopita. Nyingine huanza vema, hatari ikaja baadaye. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, na mkojo ukionyesha protini, kifafa cha mimba kiko mlangoni. Na mama huyo aweza kuwa anafua na kucheka! Presha haionwi kwa macho. Huonwa kwa kipimo. Sisi wa reli hatungojei behewa lianguke ndipo tukague njia.

Dawa ipo. Utafiti wa mwaka 2002, uliofanywa katika nchi 33, ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini haimfai mama ambaye hakupimwa.

Tangu 2016 Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri mama aonwe mara nane, mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kwisha. Je, tajiri gani atafilisika kwa siku nane?

Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 29, yatoa miezi mitatu ya likizo ya uzazi na wiki mbili za baba, kwa mshahara kamili. Twashukuru. Lakini kifungu hicho hakitaji siku ya kliniki, na likizo haina faida kwa aliyezikwa mwezi wa saba. Shirika la Kazi la Ulimwengu, katika Pendekezo Na. 191 la mwaka 2000, lilisema mwanamke aruhusiwe kutoka kazini kwenda kupimwa. Pendekezo si sheria. Kazi yetu ni kuliandika katika mapatano.

Kwa hiyo twadai:

1. Siku za kliniki zisikatwe mshahara.

2. Mwenye mimba ya hatari aondolewe zamu ya usiku na kazi nzito.

3. Daktari bingwa wa uzazi aonekane Ngong, Kitengela na Kajiado kwa siku zinazojulikana, na gari la wagonjwa liwe na mafuta. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya, hatuombi sadaka.

Nanyi waume, mama akiumwa sana na kichwa, akiona ukungu, akivimba uso, akitokwa na damu, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, msingoje asubuhi wala mwisho wa mwezi. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Leteni jambo hili katika mkutano wa tawi. Asiyedai hapewi.

Umoja ni Nguvu!

Mwanachama mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli, Ngong