Huyo Si Bobcat

Binamu yangu yuko Minneapolis. Nilimtumia picha ya mnyama aliyemla mtoto wa mbuzi wa nyanya hapa Ifo, akajibu mbio: "Bobcat!"

Zi. Bobcat ni wa Marekani Kaskazini, na jina lenyewe linatokana na mkia wake mfupi kama uliokatwa. Wetu ana mkia wa kuonekana, mwili mwekundu-kahawia usio na madoa, na masikio meusi kwa nyuma yenye vishungi vya nywele nchani. Hata "caracal" la Wazungu wamelitoa kwa Waturuki: sikio jeusi. Nyanya humwita gududane. Kiswahili kinamwita simbamangu.

Simbamangu, jameni! Jina kama hilo lipo, lakini shuleni niliambiwa niandike "paka mwitu" nisonge mbele. Paka mwitu ni mwingine kabisa, mdogo, anafanana na huyu wa jikoni. Simbamangu huruka juu akadaka ndege hewani.

Mtasema jina ni jina tu, mbuzi ashaliwa. Sawa. Lakini mimi nimezaliwa Ifo, kambi iliyofunguliwa 1991, na najua kuitwa kwa jina la jumla kunavyokaa. Ukishasema "mkimbizi", hakuna anayeuliza tena wewe ni nani. Nyanya anamjua huyu mnyama kwa nyayo zake, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Binamu bado anaandika bobcat. Sijamjibu. Akiandika simbamangu, ama hata gududane, tutaongea.