Kilimo kifunzwe kwa lugha ya mkulima

WAHENGA walinena kwamba mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Methali hiyo ilikusudiwa kumsifu anayeshika jembe. Siku hizi yaelekea tumeigeuza kuwa utabiri: vijana wetu wanataka kuwa walaji, na huyo mkulima mmoja aliyesalia ni mzee mwenye mvi.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la kilimo pamoja na vyuo anuwai vya vijijini. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, tumesikia mengi kuhusu miradi ya kuwafunza vijana ufugaji wa kuku, upanzi wa miembe na unyunyizaji wa maji mashambani. Nia ni njema, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni juu ya lugha inayotumiwa katika mafunzo hayo. Msomaji asidhani kwamba ninavutia kamba upande wangu kwa kuwa mimi ni mwalimu wa isimu. Suala hili ni la uhai.

Hebu tulitazame neno moja tu, 'mshamba'. Mvuvi, mpishi na mkulima wametajwa kwa kazi zao. Mshamba ametajwa kwa mahali anapotoka, kisha mahali hapo pakageuzwa kuwa tusi. Mtoto yeyote wa Kenya atakuambia kwamba mshamba ni mtu asiyejua mambo. Je, tunashangaa kwa nini kijana aliyelikwepa jina hilo tangu utotoni hataki kurudi shambani?

Shule nazo zilitia chumvi kwenye kidonda. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilimo kilikuwa somo la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Asubuhi tulifunzwa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Alasiri, aliyechelewa, aliyepiga kelele na aliyenaswa akisema lugha ya mama walipewa majembe wakapalilie shamba la shule. Hivyo tulidharauliwa mara mbili kwa tendo moja. Lugha ya nyumbani ikawa kosa, na kazi ya nyumbani ikawa adhabu yake.

Baadaye somo hilo liliondolewa katika mtihani wa darasa la nane. Limerejea chini ya mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017. Vyama vya 4K, vilivyoanzishwa mwaka 1962 na kufifia baadaye, vilifufuliwa mwaka 2021. Jina la vyama hivyo ni maneno manne ya Kiswahili: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Waasisi walifahamu kwamba mtoto hawezi kuungana na jambo asilolielewa. Hata hivyo, kuanzia gredi ya nne, mtoto anayelima na nyanyake kwa Kikamba husomeshwa na kutahiniwa kilimo kwa Kiingereza.

Turejee mwaka 2004. Kati ya Januari na Julai mwaka huo, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafariki, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Kilichowaua ni mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu na kuota kuvu inayotoa sumu. Sisemi kwamba lugha ndiyo iliyoua. Unyevu na ufukara vilitosha. Ninachosema ni kwamba sumu hiyo hadi leo inatajwa na maafisa wetu wengi kwa jina la kigeni ambalo halimwambii mkulima lolote, ilhali Kiswahili kina neno 'sumukuvu'. Neno hilo lina somo zima ndani yake: ni sumu, na inatokana na kuvu. Jirani zetu wa Tanzania, ambao mwaka 2016 walifiwa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wanalitumia neno hilo katika kampeni zao za umma.

Hivi karibuni nilihudhuria mafunzo ya vijana katika kaunti moja kame. Sitaitaja, maana yaliyotendeka huko hutendeka kwingi. Kwa saa nzima mtaalamu alisoma Kiingereza kutoka ukutani, akazungumzia viwango vya unyevu na usimamizi wa mavuno. Vijana walinyamaza kimya. Alipouliza kama kuna swali, mmoja aliuliza chakula cha mchana kitaletwa saa ngapi.

Ndipo afisa mmoja wa nyanjani, binti wa miaka ishirini na kitu, akasimama na chupa tupu iliyokauka. Akatia punje za mahindi na chumvi kavu, akafunika, akatikisa. Akaeleza kwa Kiswahili, na palipohitajika kwa lugha ya wenyeji, kwamba chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado ni mabichi na yarudishwe juani, juu ya turubai wala si juu ya udongo. Chumvi isipoganda, yako tayari kwa ghala. Ukumbi ulichangamka. Mmoja aliuliza kama gunia la plastiki linafaa. Mwingine alisimulia jinsi babake anavyochanganya mahindi yaliyooza na mazuri ili asipate hasara. Katika robo saa hiyo, mafunzo yalipatikana.

Wapo watakaopinga. Watasema Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Hayo ni maneno ya mtu asiyefungua kamusi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Wengine watasema Kiingereza ndicho kinacholeta kazi. Sikatai. Kijana na asome Kiingereza, akimudu vyema, lakini mtu hasubiri kumudu lugha ya kigeni ndipo afunzwe asile sumu. Isitoshe, Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kuitaka Serikali ikuze na kulinda lugha za kienyeji.

Ninakiri kwamba lugha haitachimba kisima, wala haitampa kijana ardhi ambayo hati yake ingali kwa jina la babu. Bei mbovu ya maembe haiponi kwa istilahi. Lakini kaunti hazihitaji mkopo wa benki ya dunia kuchapisha vijitabu vya mafunzo kwa Kiswahili na kuvisoma redioni kwa lugha za wenyeji. Afisa anayekwenda nyanjani na apimwe pia kwa uwezo wake wa kueleweka. Sisi wa vyuo vikuu tuache kuandikiana makala sisi kwa sisi, tukae na maafisa hao tuwasaidie kusanifu maneno, na tuwasikilize wakulima ambao tayari wanayo majina ya wadudu, magonjwa na aina za udongo. Nao walimu wakuu waliotoa jembe kuwa adhabu watafute adhabu nyingine.

Samaki mkunje angali mbichi. Watoto walio katika vyama vya 4K leo ndio watakaotulisha au kututia njaa kesho. Tukitaka washike jembe kwa hiari, kwanza tuzungumze nao kwa lugha wanayoielewa.