Mtoto Akililia Hamsta, Usimpe

Niseme msimamo wangu mapema, ili asiyeutaka aende akasome kitu kingine: hamsta kibete si mnyama wa mtoto. Si wa mtoto wa miaka mitano, si wa miaka minane, na hata wa miaka kumi nina mashaka naye. Najua hapa tumezoea kuzungumza vitabu, na kuna atakayeuliza panya anatafuta nini kwenye kabati la vitabu. Anatafuta mengi. Hilo wazo la kwamba mnyama mdogo ndiye saizi ya mtoto mdogo lilipita kwenye hadithi za watoto, na sisi wasomaji tulilipokea bila kulikagua.

Mdogo wangu wa kike anaishi Leicester na mumewe na binti yao wa miaka sita. Binti anataka hamsta. Ameona video zao kwenye YouTube, wanakimbia kwenye njia za maboksi zenye ngazi na mabwawa ya plastiki, basi hana usingizi. Suala likaletwa kwenye kundi la familia la WhatsApp, na kama kawaida ya familia yetu, kila mtu akatoa hukumu. Shangazi: "Mpeni mtoto jamani, kenyewe kadogo vile." Kaka mkubwa: "Afadhali hako kuliko mbwa." Mzee akafunga mjadala kwa methali: mtoto akililia wembe, mpe.

Naiheshimu methali hiyo. Inasema mwache ajikate, atajifunza. Tatizo ni kwamba safari hii anayekatwa si mtoto. Anayekatwa ni wembe.

Hebu tumjue kwanza huyu tunayemjadili. Wanaoitwa hamsta vibete wengi ni wa jenasi moja, Phodopus, yenye spishi tatu. Yupo wa Roborovski, mdogo kuliko wote, ana gramu ishirini na kitu tu, kwao ni jangwa la Gobi na nyika za mchanga za Mongolia na kaskazini mwa China. Yupo wa Campbell, wa Mongolia na maeneo ya jirani. Na yupo yule wa nyika za Kazakhstan na Siberia ambaye manyoya yake hugeuka meupe majira ya baridi. Hawa wawili wana gramu kati ya thelathini na hamsini hivi. Maisha yao ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili, mara chache mitatu. Wanachimba mashimo, wanabeba mbegu kwenye vifuko vya mashavu, na usiku wanatembea mbali kutafuta chakula. Yaani ni wanyama wa nyikani wenye shughuli zao. Ukubwa wao ndio mdogo. Eneo lao si dogo.

Sasa chukua mnyama huyo, mweke kwenye kitundu cha plastiki cha rangi ya waridi, kiweke chumbani kwa mtoto wa miaka sita. Ugomvi wa kwanza ni wa saa. Mtoto anarudi shuleni saa tisa au saa kumi alasiri, ana hamu ya kucheza. Hamsta amelala. Mtoto anamwamsha. Saa tatu usiku mtoto ndiyo kwanza analala, na hamsta anaamka, anapanda gurudumu lake na kukimbia, krr krr krr, kilomita kadhaa kabla ya alfajiri. Kila mmoja ni kero kwa mwenzake, na hakuna mwenye kosa. Wameumbwa kwa saa tofauti.

Ugomvi wa pili ni wa mkono. Kwa mnyama wa gramu ishirini anayeliwa na kila kitu, kinachomjia kutoka juu ni mwewe au bundi. Macho yake hayaoni vizuri, umbali haupimi sawasawa. Mkono wa mtoto unashuka kwa upendo mtupu, na hamsta anasoma kifo. Atakimbia, au atauma. Akiuma, mtoto anashtuka na kuurusha mkono. Kwa mwenye mifupa myembamba kama ile, kuanguka kutoka kifuani mwa mtoto aliyesimama kunatosha kumvunja mguu au mgongo. Na mtoto wa miaka sita bado hajajua kushika bila kubana. Simlaumu. Vidole vyake bado vinajifunza hata kushika penseli.

Kuna la afya pia. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri watoto wa chini ya miaka mitano wasishike kabisa wanyama wa jamii ya panya, kwa sababu wanaweza kubeba salmonela huku wenyewe wakionekana wazima. Kumbuka, hao wa umri huo ndio hasa ambao matangazo ya wanyama wadogo yanawaonyesha wakicheka.

Nirudi kwenye lugha, maana hapo ndipo tunapokamatana. Angalieni tulivyozungumza kwenye lile kundi letu. Kila mtu alisema "kadogo", "hako", "kenyewe". Kiswahili kina adabu ya pekee: kiumbe chenye uhai tunakipa upatanisho wa mtu. Mbuzi amekula, sisimizi amepita, hata chawa ameuma. Lakini kwenye mazungumzo, tukitaka kumpunguza mtu au mnyama, tunamvua huo upatanisho na kumvika ka-. Hamsta amelala ni mnyama aliyelala. Kahamsta kamelala ni kitu kimezimwa, unaweza kukiwasha. Sisemi tuache ka-, ni tamu na ina kazi zake. Nasema tuisikie tunapoitamka. Familia nzima ilikuwa imeshaamua kwa kiambishi kabla haijaamua kwa akili.

Vitabu sasa. Mwaka 2004 Betty G. Birney, mwandishi wa Marekani, alitoa The World According to Humphrey, kitabu kilichozaa mfululizo mrefu. Humphrey ni hamsta wa darasani, wa ile jamii kubwa ya rangi ya dhahabu, si kibete, lakini hoja ni ileile. Anasimulia mwenyewe. Kila wikiendi anachukuliwa na mwanafunzi tofauti kwenda naye nyumbani, na huko anakuta matatizo ya familia na kuyatatua, kwa kuwa kitasa cha kitundu chake hakifungi na anatoka atakapo. Ni kitabu chepesi, kina ucheshi, na kinamfundisha mtoto kuwatazama watu kwa huruma. Nimekipenda.

Lakini kitafsiri kiwe maisha ya kweli. Mnyama anayejua dunia yake kwa harufu anahamishwa kila Ijumaa kwenye nyumba mpya, yenye mbwa mpya, televisheni mpya, mikono mipya, kisha Jumatatu anarudishwa kwenye kelele za watoto ishirini na zaidi mchana kutwa, saa zake za kulala. Humphrey anafurahi kwa sababu ndani yake yupo mwandishi. Hamsta wa kweli hana mtu ndani yake. Ana hamsta. Na furaha ya Humphrey ndiyo tunayoinunua dukani tukidhani imo ndani ya kile kitundu.

Najua jibu litakalokuja: hata hadithi zetu zina wanyama wanaosema. Ni kweli. Sungura wetu anasema kuliko mawakili. Lakini nitajieni hadithi moja ambamo Sungura ni wa mtu. Ana deni na Fisi, ana kesi na Simba, anaiba shambani na anakamatwa, ila hakuna mtoto anayemiliki. Hatumsikilizi ili tumbebe. Tunamsikiliza tuone safari hii atatokaje. Mtoto aliyelelewa na hadithi hizo anajifunza, bila kuambiwa, kwamba mnyama ana mambo yake. Na wale tuliosoma Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, tulikutana na hoja hiyo kwa ukali zaidi: muulize mnyama anavyouona umiliki wako.

Sasa tufike kwenye hoja kubwa ya wanaotetea: hamsta atamfundisha mtoto kuwajibika. Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inasikika kama malezi. Kuwajibika kunafundishwa kwa jambo ambalo likiharibika, gharama inamrudia aliyeharibu. Mtoto asipofua soksi, atavaa chafu. Asipomwagilia mchicha, atakula ugali mkavu. Asipobadilisha maji ya hamsta siku tatu, anayelipa ni hamsta. Huo haujawa wajibu. Ni mazoezi juu ya mgongo wa mwingine.

Na kisheria, huko huko anakoishi mpwa wangu, jambo hili limeshaamuliwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006, inayotumika England na Wales, inakataza kumuuzia mnyama mtu aliye chini ya miaka 16. Inaendelea kusema kwamba mtoto wa chini ya umri huo akiwa na mnyama, anayehesabiwa kuwajibika ni mzazi au mlezi wake. Kwa hiyo mzazi anayesema "nimemnunulia mwanangu hamsta" amejinunulia yeye. Hajaambiwa tu.

Ajiulize basi kama alimtaka. TVT, chama cha madaktari wa wanyama wa Ujerumani wanaoshughulikia ustawi wa wanyama, kinapendekeza makazi ya hamsta yasipungue sentimita 100 kwa 50, na kimo cha 50, ili aweze kuchimba. Pima meza yako ya kulia chakula uone itabaki nafasi gani. Ongeza gurudumu la kipimo sahihi, mchanga wa kuogea, matandiko ya kina, na daktari anayejua kutibu kiumbe cha gramu thelathini. Ukiwanunua wawili "wasiwe wapweke", wanaweza kupigana hadi kuuana. Wakiwa dume na jike, baada ya wiki tatu una familia, na mama akisumbuliwa anaweza kula watoto wake. Mweleze hilo mwenye miaka sita, asubuhi, kabla ya shule.

Wengine husema kwa sauti ya hekima: basi atamfundisha kuhusu kifo. Hamsta anaishi miaka miwili, mtoto atalia, atakua. Jamani. Watoto wetu wanakijua kifo. Wamekaa misibani, wamelala kwenye mikeka na binamu zao huku watu wazima wakikesha. Hatuhitaji kununua kiumbe ili afe kwa ratiba ya mtaala. Halafu kuna ugumu mwingine: hamsta akipatwa na baridi anaweza kushusha joto la mwili akalala kama maiti. Wapo waliokaribia kumzika mnyama aliye hai. Somo gani hilo?

Mtu asinielewe kwamba nasema binadamu na jamii ya panya hawawezi kuishi pamoja kwa faida. Nendeni Morogoro. Kule, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linawafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifunzwa hapo, akapelekwa Cambodia, akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu. Tazama jinsi kazi inavyofanywa. Panya buku ni wa usiku, kwa hiyo watu ndio wanaoamka alfajiri ili kazi iishe kabla jua halijakuwa kali. Masikio na mikia inapakwa mafuta ya kuzuia jua. Mkufunzi ni mtu mzima aliyesomea kazi hiyo, na panya anazoeshwa watu tangu mchanga, kwa miezi. Hata pale tunapomtumia mnyama kwa maslahi yetu makubwa kabisa, uhai wa watu, sisi ndio tunaofuata saa yake. Chumbani kwa mtoto tunataka kinyume chake, tena kwa ajili ya burudani.

Nakubali mawili. Kwanza, wapo watoto watulivu, wa miaka kumi na miwili hivi, wenye wazazi makini, waliofuga hamsta vizuri. Wapo, nawapongeza, na mara zote ukichunguza utakuta mzazi ndiye mfugaji. Pili, sisi si mfano. Mtaani kwetu paka anapigwa mawe na watu wazima wanapita. Lakini kosa letu kwa paka haliwi ruhusa ya kosa lingine kwa hamsta, hata likifungwa kwenye boksi zuri.

Mtoto anayetaka mnyama anataka kitu cha kweli, na asidharauliwe. Mpe cha kutazama kabla ya cha kushika. Leicester ina kindi kwenye bustani, ina ndege watakaokuja dirishani ukiwawekea mbegu. Mpe daftari aandike nani alikuja leo na alikula nini. Sisi wasomaji tunalijua hili vizuri kuliko wengi: miaka yote tumewapenda viumbe tusioweza kuwagusa, na mapenzi hayakupungua.

Na mzazi ambaye bado anamtaka hamsta, amnunue kwa jina lake mwenyewe, amweke sebuleni, na awe yeye anayeamka saa nane usiku kumtazama akila, mtoto akiruhusiwa kuchungulia siku za wikiendi. Ukiona huo ni usumbufu, umeshapata jibu. Usimwachie mtoto wa miaka sita akupatie jibu hilo kwa mikono yake.