Zimeni taa moja, jamani!

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Waliokuja kutafuta siasa warudi kesho. Leo nazungumzia picha.

Bibi yangu alipofariki, tulihitaji picha moja ya kuweka mbele ya jeneza. Nyumbani ilikuwepo moja tu ya maana, ya studio, ya kulipia, yenye fremu ya rangi ya dhahabu. Bibi kakaa mbele ya pazia jeupe, taa mbili zenye miamvuli zimemmulika kushoto na kulia kwa nguvu sawa. Halafu fundi kamalizia kwenye kompyuta: mikunjo hakuna, chale za mashavuni hakuna, na yeye aliyekuwa mweusi wa kung'aa kawa rangi ya maji ya kunde iliyopauka. Mtoto wa dada yangu, ambaye bibi ndiye aliyemlea, aliitazama akaniuliza, "Mjomba, huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Tulizika mtu mmoja tukiwa tumebeba picha ya mtu mwingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasumbua wapiga picha kila ninapokutana nao kazini, na nimefikia msimamo ambao najua utawaudhi wengi: ile taa ya pili haimsaidii mteja. Inamfuta. Uso tunautambua kwa vivuli vyake. Pua inajulikana kwa kivuli kinachoangukia pembeni yake, shavu kwa mahali linapogeuka kuingia gizani. Ukimulika pande zote mbili sawasawa, vivuli vinauana na unabaki na sahani yenye macho.

"Lakini ngozi nyeusi inahitaji mwanga mwingi!" Hoja hii nimeisikia mpaka masikio yameota sugu, basi tuichambue polepole.

Kipima mwanga cha kamera hakimjui bibi yako. Kimetengenezwa kuamini kwamba ukichanganya kila kitu kilicho mbele yake utapata kijivu cha wastani. Sasa mweke mtu mweusi mbele ya pazia jeupe. Kamera ikiliona lile pazia inasema kuna mwanga mwingi mno, inapunguza, na uso unatoka kama mkaa. Fundi anashtuka, anaongeza taa ya pili. Hairidhishi, anaingia kwenye kompyuta kumpausha. Kosa lilianzia kwenye pazia, ila anayebebeshwa lawama ni ngozi.

Na lawama hiyo ina historia. Kwa miaka mingi Kodak walizipatia maabara za picha kadi za kulinganishia rangi zilizojulikana kama "Shirley", zikiwa na picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha rangi sahihi. Wafanyakazi wa zamani wa kampuni hiyo wamesimulia kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu ziboreshwe kwa rangi za kahawia ni watengeneza chokoleti na samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitoki vizuri. Yaani kabati lilisikilizwa! Filamu hizo zimepitwa na wakati, lakini mazoea yamebaki kwenye vichwa vyetu, na sasa yamehamia kwenye simu zinazolainisha na kung'arisha sura kabla hata hujaomba.

Haya, taa moja inafanyaje kazi? Nitaeleza kwa lugha ya kijiweni.

Iweke taa pembeni ya mtu, kama nyuzi 45, juu kidogo ya usawa wa macho, na mbele yake weka kitambaa cheupe au boksi la kulainisha mwanga. Upande mmoja wa uso utang'aa na upande wa pili utakuwa na giza. Hapo ndipo wengi wanapokimbilia taa ya pili. Usikimbilie! Chukua karatasi nyeupe ya manila, isimamishe upande wa giza. Ukiisogeza karibu, kivuli kinapungua. Ukiirudisha nyuma, kinakoza. Ukitaka kikoze zaidi, ondoa manila na tundika kaniki, inayomeza mwanga unaorudi kutoka kwenye kuta. Kwa vitu viwili vya bei ya chipsi unaamua mwenyewe tofauti ya mwanga na kivuli iwe kubwa kiasi gani.

Sasa umbali. Mwanga wa taa hupungua kwa mraba wa umbali. Ukisimama mita 1 kutoka kwenye taa unapata kiasi fulani. Ukienda mita 2, unapata robo yake, na mita 4 unapata sehemu moja ya 16. Kwa hiyo taa ikiwa mita 1 kutoka usoni na ukuta ukiwa mita 4 kutoka kwenye taa, ukuta uleule mweupe unatoka kijivu iliyokoza. Hujanunua pazia jingine, umesogeza kiti tu.

Usoni nako ni hivyo hivyo. Taa ikiwa sentimita 50 kutoka shavu la karibu na sentimita 65 kutoka lile la mbali, shavu la mbali linapata takriban asilimia 59 tu ya mwanga. Irudishe taa hiyo mpaka mita 2, na tofauti ya zile sentimita 15 inakuwa ndogo: shavu la mbali linapata kama asilimia 87. Lakini ukiirudisha nyuma, taa inakuwa ndogo machoni pa mteja, na kingo za kivuli zinakuwa kali. Ndiyo maana mpiga picha anayejua kazi hutumia muda mrefu kusogeza taa kuliko kubonyeza kamera.

Na ngozi nyeusi hapa ndipo inaposhinda. Inang'aa. Taa kubwa iliyo karibu inaacha mng'ao mpana kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, na kwenye ukingo wa pua, na mng'ao huo ndio unaochora uso. Haihitaji mafuriko ya mwanga, inahitaji mwanga ulioelekezwa.

Anayebisha akatazame kazi za Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Picha zake nyingi alizipiga uani kwa mwanga wa jua. Chanzo kimoja tu! Watu wake wana uso, wana uzito, wana heshima yao.

Sasa niwe mkweli, maana mtanikaba. Picha ya pasipoti inataka mwanga sawa pande zote, sina ugomvi nayo. Picha ya ukoo wenye watu ishirini, taa moja itakupa kazi. Na wahariri wenzangu wanaosema karatasi ya gazeti hunywa wino na kugeuza vivuli kuwa weusi mtupu wana hoja. Lakini dawa yake ni kusogeza manila karibu hadi upande wa mwanga uwe mara mbili tu ya upande wa kivuli. Hilo halihitaji kuufuta uso mzima.

Hoja ninayoikataa kabisa ni ile ya mwisho: "Mteja mwenyewe anataka atoke mweupe." Wapo, sikatai. Ila bibi yangu hakuulizwa. Aliomba picha, akapewa sura aliyochaguliwa na mtu mwingine, na akalipia.

Kwa hiyo, wewe mwenye studio, mteja akija kesho, zima taa moja. Kaa naye dakika kumi na ile iliyobaki pamoja na manila yako. Na wewe msomaji, mama yako akiwa bado yupo, msogeze karibu na dirisha moja asubuhi, zima taa ya chumbani, mpige picha yenye mikunjo yake yote. Siku ikifika, mjukuu asije akauliza huyu ni nani.