Je, Yafaa Kununua Redio Kuukuu ya Mawasiliano?

Ichukuliwe kwamba chama cha sayansi cha shule moja ya sekondari huko Kihonda, mjini Morogoro, kimekusanya michango ya mwaka mzima, kisha kikaletewa habari kwamba inauzwa redio kuukuu ya mawasiliano. Ni chombo kimoja kinachopokea na kurusha mawimbi, yaani transiva, cha aina iliyotumiwa na warushaji wa redio wa ridhaa. Kilitengenezwa Japani katika miaka ya 1970, uzito wake wapata kilo 15, na mwenye kukiuza asema kwamba kilikuwa kizima siku kilipozimwa. Je, chama kinunue?

Swali hili si dogo. Fedha hizo hizo zaweza kununua vipima-volti, vikinzani, nyaya na betri za majaribio ambayo wanafunzi watayakuta katika mtihani. Mwalimu atakayeidhinisha ununuzi wa chombo kisichowaka tena atakuwa amewanyima wanafunzi wake vitu hivyo, na hatapata fedha nyingine hadi mwaka ujao. Hivyo yafaa faida na hasara zipimwe kwa makini kabla ya senti moja kutolewa.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni simu ya mkononi. Wao huuliza: kwa nini mtu ahangaike na redio ya nusu karne iliyopita, ilhali mwanafunzi wa Kihonda aweza kuzungumza na mtu aliyeko Japani kwa simu iliyomo mfukoni mwake? Hoja hii ina nguvu na haifai kubezwa. Ikiwa haja ya chama ni kuzungumza tu, basi kisinunue.

Lakini haja ya chama cha sayansi ni kujifunza, na hapo ndipo simu inaposhindwa. Sehemu za simu zinazoshughulika na mawimbi zimefichwa ndani ya vipande vidogo mno, ambavyo jicho haliwezi kuvichambua wala mkono kuvitengeneza. Redio kama Yaesu FT-101 au Kenwood TS-520 hufunguka kwa bisibisi. Ndani yake mwanafunzi ataona transfoma, koili, kapasita na transista, kila kimoja mahali pake. Na katika hatua za mwisho za kurusha ataona valvu za kioo, ambazo hazipatikani tena katika redio mpya. Enzi mbili za elektroniki zimo katika sanduku moja. Kitufe cha kutafutia stesheni kikizungushwa, vibati vya kapasita hukaribiana au huachana, na ile kanuni ya mwitiko iliyoandikwa ubaoni huonekana ikifanya kazi.

Faida ya pili ni anga lenyewe. Mawimbi mafupi yakielekezwa juu hufika kwenye tabaka za anga zenye chembe za umeme, ziitwazo ayonosfia, kisha hupindwa na kurudishwa ardhini mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikoanzia. Mchana tabaka la chini hunyonya mawimbi ya megahezi 7 kwa wingi. Usiku tabaka hilo hutoweka, na mawimbi yale yale husafiri mbali zaidi. Wanafunzi wakiandika kila saa ni stesheni zipi zinazosikika, watakuwa wanapima hali ya anga kilomita nyingi juu ya vichwa vyao bila kuondoka shuleni.

Kwa kazi hiyo Kihonda si mahali pabaya. Iko katika tambarare, na Milima ya Uluguru huinuka upande wa kusini-mashariki, huku kilele cha Lupanga kikipita mita 2,000. Mlima huo huweza kuyazuia mawimbi ya FM, ambayo husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Mawimbi mafupi yapaayo hadi ayonosfia huupita kwa juu, isipokuwa yale yaondokayo kwa pembe ndogo kuelekea upande huo. Pembe hiyo ni ipi? Mwanafunzi aweza kuipima mwenyewe kwa kipimapembe, uzi na jiwe dogo, akiwa amesimama uwanjani.

Hata waya wa kunasia mawimbi, yaani antena, ni somo kamili. Urefu wa wimbi kwa mita hupatikana kwa kugawanya 300 kwa idadi ya megahezi. Kwa megahezi 7.1 jibu ni mita 42 na ushei. Nusu yake ni mita 21, na kwa kawaida waya hupunguzwa kidogo hadi kufikia mita 20. Waya huo hukatwa katikati, na kila upande ukabaki na mita 10. Miti miwili na kamba ya kutosha vyaweza kuubeba.

Baada ya sifa hizo, na zisemwe kasoro. Kasoro kubwa kupita zote ni hatari kwa maisha. Valvu za kurushia hutumia umeme wa zaidi ya volti 500, na kapasita kubwa huweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Mwanafunzi asiruhusiwe kamwe kuingiza mkono ndani ya chombo kabla ya mtu mwenye ujuzi kuchomoa plagi, kumaliza umeme uliobaki na kuthibitisha kwa kipima-volti. Shule isiyo na mtu wa namna hiyo haifai kununua. Hata hivyo msaada hauko mbali: chuo cha ufundi cha VETA kipo Kihonda hiyo hiyo, na si aibu shule kubisha hodi.

Kasoro ya pili ni uzee. Kapasita za kimiminika hukauka hata kama redio imefungwa kabatini, na yaweza kuharibika siku ya kwanza inapowashwa. Kauli kwamba chombo kilikuwa kizima kilipozimwa haina uzito wowote; la maana ni kukiona kikipokea na kurusha mbele ya mnunuzi. Tena huenda transfoma yake imeungwa kwa volti 100 za Japani au 117 za Marekani. Ikichomekwa kwenye volti 230 za hapa nchini, itaungua. Valvu za akiba nazo ni adimu, aghalabu huagizwa kutoka ng'ambo. Na redio iliyobuniwa kabla ya mkutano wa kimataifa wa redio wa mwaka 1979 kwa kawaida haina bendi za megahezi 10, 18 na 24 zilizotolewa kwa redio za ridhaa katika mkutano huo.

Hata jua lina neno lake. Madoa ya jua huongezeka na kupungua katika mzunguko wa miaka 11 hivi, na kilele cha mzunguko wa sasa kilifikiwa karibu na mwaka 2024. Kadiri madoa yanavyopungua, bendi za juu kama megahezi 28 zitazidi kunyamaza. Kwa hiyo mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba bendi za megahezi 7 na 14 zinafanya kazi vizuri.

Jambo la tatu ni sheria. Masafa ya redio nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya sheria ya mwaka 2010. Kurusha bila leseni ni kosa, hata ikiwa ni kwa majaribio ya darasani. Kwa hiyo chama kiulize TCRA kabla ya kununua. Stesheni za ridhaa za Tanzania hutambulishwa kwa alama ianzayo na 5H. Alama hiyo ni heshima, na heshima huja na wajibu.

Atakayeona masharti haya ni mazito akumbuke kwamba warushaji wa ridhaa wameifaa dunia. Waliachiwa mawimbi yaliyodhaniwa hayafai, yale mafupi kuliko mita 200. Nao mnamo Desemba 1921 ishara zao kutoka Marekani zikasikika Uskochi, ng'ambo ya Atlantiki. Mnamo Desemba 2004, mawimbi makubwa ya tsunami yalipovipiga visiwa vya Andaman katika Bahari ya Hindi, warushaji wa ridhaa kutoka India waliokuwapo huko walipeleka habari za manusura kwa jamaa zao, wakati njia nyingine zilikuwa zimekatika. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu walikuwa wamejifunza kabla ya siku ya shida.

Basi uamuzi ni upi? Yafaa kununua, lakini redio iwe kitu cha mwisho kununuliwa. Kwanza chama kipate msimamizi anayeujua umeme mkubwa. Pili kifunge waya wake wa mita 20 na kusikiliza kwa kipokezi cha bei nafuu, hata kile kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, kwa muda wa muhula mmoja. Muhula huo utaonyesha kelele zinazoletwa na chaja, taa na mashine za jirani, na utaonyesha pia ni wanafunzi wangapi wanaoendelea kuja baada ya upya wa jambo kuisha. Tatu kishughulikie leseni. Hapo ndipo kikatazame redio ile, ikiwashwa mbele yao, na kitenge fedha za matengenezo kando ya bei yenyewe.

Kama katika muhula ule wanafunzi wamekwisha kuchoka, chama kinunue vipima-volti, na hakitakuwa kimepoteza kitu ila waya. Kama daftari limejaa saa, masafa na majina ya stesheni zilizosikika, basi redio kuukuu imepata mahali pa kwenda.