NDAGALA JUU YA WALI, KILA MTU NA BAKULI LAKE



Juma lililopita, siku ya tatu jioni, sisi kapita wenu tulisimama kwenye mlango wa chumba cha kulia na kuhesabu sahani zilizokuwa zinarudi jikoni. Sahani 23 zilirudi na ndagala. Bugali ilikwisha, supu ilikwisha, lakini ndagala zilisukumwa pembeni sawa takataka. Tulipouliza sababu, mmoja wa kalasi za chini alijibu: « Kapita, ile ni chakula ya bamasikini. Kwetu tunauzishaka tu, kukula hapana. » Wengine wakacheka. Sisi hatukucheka, kwani neno lile lilitugusa ndani. Ndiyo maana tunaandika.

Kwetu nyumbani pia tunauzisha. Mama yetu anakwenda kando ya ziwa alfajiri, wakati wavuvi wanaporudi na taa zao. Ananunua ndagala mbichi, anazianika kwa jua, na zikikauka anazitia ndani ya magunia na kuzituma milimani. Feza ile ndiyo iliyolipa masomo yetu toka mwaka wa kwanza mpaka huu wa mwisho.

Sasa sikieni. Vakansi kubwa ya mwaka jana tulipofika nyumbani, tulimkuta mdogo wetu wa mwisho, mwenye miaka miwili na nusu, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, amekaa mlangoni bila kucheza. Majirani walisema: ni bwaki. Mama alikataa. Bwaki namna gani katika nyumba ya mwenye kuuza samaki? Tulimbeba mtoto mpaka kwenye senta ya afya. Pale muuguzi alimuuliza mama neno moja tu: « Mtoto anakulaka nini? » Mama akajibu: « Bugali ya muhogo na supu. » Muuguzi akauliza tena: « Na ndagala? » Mama akanyamaza.

Magunia sita ya ndagala yalikuwa ndani ya chumba alimolala mtoto yule. Samaki ambayo yeye hakula, sisi tuliisoma.

Hatusemi hivi kwa kumhukumu mama. Yeye mwenyewe alituambia jioni ile: « Mwanangu, sikuona hesabu nyingine. » Mtoto alipona kisha majuma matano, tunashukuru. Lakini toka siku ile sisi hatuwezi tena kuona ndagala zikitupwa na kunyamaza.

Ugonjwa huu si wa kwetu peke yetu. Mganga mmoja wa kike, Cicely Williams, aliuandika mwaka 1933 alipokuwa akitumika kule Ghana, wakati ule ikiitwa Gold Coast. Mwaka 1935 akautaja kwa jina la kwashiorkor, neno la lugha ya Kiga: ni ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mwingine amezaliwa. Waganga wangali wanajifunza sababu zake zote. Lakini jambo moja linajulikana: unawapata zaidi watoto wanaokula kila siku chakula cha namna moja, hasa muhogo ao mahindi, bila kitu cha kukijenga mwili. Gramu 100 za muhogo mbichi zina protini gramu moja na kidogo tu. Ndagala iliyokauka vizuri, karibu nusu ya uzito wake ao zaidi ni protini. Tena tunaila nzima, na mifupa yake, na mifupa ile inatupa kalsiamu. Basi ni nani masikini: yule anayekula ndagala ao yule anayeziuza zote na kukula muhogo mtupu?

Wazo letu ni hili: katika kila nyumba, hata mara mbili kwa juma, tuanze kula kwa bakuli. Chini nafaka, juu samaki na mboga, na kila mtu anapima na kuchagua mwenyewe. Vakansi ile tulijaribu, na tutawaeleza namna tulivyofanya ili mtu asiseme ni maneno ya kalasi.

Tulikuwa watu saba. Tulipika vikombe vinne vya mchele wa bonde la Ruzizi na vikombe vinane vya maji. Mwenye hana mchele asirudi nyuma: mtama unafaa, mahindi ya kutwanga yanafaa, hata bugali ya ulezi inafaa, tena ulezi una kalsiamu nyingi kupita mchele. Maharagi vikombe viwili tulikuwa tumeyaloweka toka usiku, kwani yakilowekwa yanaiva upesi na makala hayaishi sana.

Ndagala kavu tulichukua vikombe viwili. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kwanza chagua: zenye ukungu tupa. Pili osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu ao ine, mpaka mchanga uishe chini ya beseni. Anayesema hapendi ndagala, mara nyingi ni mchanga asiopenda. Tatu zikauke kidogo, kisha uzikaange juu ya imbabula bila mafuta mpaka ziwe ngumu na harufu ibadilike. Hapo tu ndipo tulitia vijiko vine vya mawese, vitunguu viwili na nyanya tano. Mawese yasiungue mpaka yawe meupe: rangi ile nyekundu ndiyo yenye kitu ambacho mwili unageuza kuwa vitamini A, na ukiichoma umeitupa. Mafungu mawili ya lengalenga tulipika kwa maji kidogo, dakika chache. Ndimu tulikata mwishoni, kwani maji yake yanasaidia mwili kupokea chuma kilicho ndani ya majani na maharagi. Pilipili tuliiweka mbali, kila mtu na roho yake.

Kisha tukapanga sufuria zote katikati na kila mtu akashika bakuli lake. Baba akachukua wali mwingi na pilipili. Dada yetu akapenda maharagi mengi, ndagala chache. Nyanya yetu hana meno, basi tulimtwangia ndagala zake zikawa unga, tukazinyunyiza juu ya wali laini. Unga ule ule tulitia katika bakuli la mdogo wetu, na asubuhi katika uji wake. Alikula mpaka akalamba kidole. Mwenye kuwa na ndagala mbichi, ao kipande cha mukeke, atie hiyo. Ndugu wa upande wa Bukavu watatia sambaza, ambayo ni ndugu ya ndagala kabisa: ilichukuliwa toka Ziwa Tanganyika ikatiwa katika Ziwa Kivu karibu na mwaka 1959.

Tunajua maneno mtakayotujibu.

Wa kwanza atasema: kupika ni kazi ya wasichana. Sisi wavulana tunajibu: kula ni kazi ya nani? Mama anarudi kutoka ziwani na jua kali kichwani, nasi tuko tumekaa chini ya mwembe na daftari. Kukaanga ndagala ni robo saa. Hakuna diploma inayochafuka kwa moshi wa imbabula.

Wa pili atasema: kula kila mtu na bakuli lake ni choyo ya wazungu, desturi yetu ni sahani moja. Neno hili tunaliheshimu, kwani kula pamoja kunajenga nyumba. Lakini tuseme kweli. Mikono kumi ikiingia katika sahani moja, mkono mkubwa unarudi na samaki, mkono mdogo unarudi na bugali. Mtoto wa miaka miwili hawezi kushindana na sisi wa miaka kumi na nane. Tukae pamoja, tuombee chakula pamoja, tucheke pamoja. Lakini mtoto awe na bakuli lake, na mama aone kwa macho yake mtoto amekula kiasi gani. Na si jambo la wazungu. Watu wa Ujapani wanakula vile toka zamani: wali ndani ya bakuli, samaki ao nyama juu yake, wanaiita donburi. Wao wanakula hata samaki mbichi. Sisi hapo hatuwafuati, kwani samaki wa maji matamu wanaweza kuwa na vidudu, inafaa kuwaivisha.

Wa tatu ndiye mwenye neno zito: tukila ndagala, feza ya shule itatoka wapi? Tulifanya hesabu. Ndoo moja ya litri 20 inatoa vikombe 80. Kwa vikombe viwili kila jioni, ndoo moja inalisha watu saba jioni 40. Na kwa mara mbili kwa juma, ndoo ile inafika majuma 20. Feza tuliyolipa kwenye senta ya afya, pamoja na siku ambazo mama hakuenda sokoni, ilipita bei ya ndoo tatu. Hapa kila mtu anajua hesabu, afanye mwenyewe.

Lakini jambo moja tena. Ukipenda ndagala, penda na ziwa. Ziwa Tanganyika ni la inchi nne, na kina chake kinafika metre 1.470, lakini samaki wake wana mwisho. Anayevua kwa chandarua cha mbu anakamata watoto wa samaki wasiojaza hata kijiko. Mwaka 2024 wenzetu wa Tanzania walifunga uvuvi wa ziwa hili miezi mitatu, toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa. Miezi kama ile ndipo tunaona faida ya ndagala kavu iliyowekwa nyumbani, isiyouzwa yote.

Ndugu na dada, vakansi imebaki majuma sita. Tunaomba mambo mawili tu. La kwanza: hapa shuleni, asiyetaka ndagala aseme mbele ya kupakuliwa, ampe mwenzake, asitupe. La pili: siku ya kwanza ya vakansi, kabla mama hajafunga gunia, umwombe vikombe viwili, uoshe mwenyewe, upike mwenyewe, na bakuli la kwanza umpe mdogo kuliko wote katika nyumba.

Atakayejaribu atuletee habari, hata kama wali uliungua. Na yule wa kalasi za chini aliyetujibu siku ile, hatuna kisirani naye. Juzi tulimwona anakula. Tulijifanya hatukuona.

Ni sisi kapita wenu, mwaka wa mwisho.