Bukavu: Msongamano wa magari hautaisha kwa kuwafukuza akina mama na wamotari peke yao

Saa moja na nusu asubuhi, Place Mulamba. Magari yanayotoka Panzi kupitia Essence yanakutana na yale yanayotoka Nyawera na yale yanayopanda kutoka mpakani Ruzizi. Kamyo moja imesimama kando ya njia kushusha simenti. Nyuma yake Hiace imesimama kushusha abiria. Wamotari wanapenya katikati, kila mmoja akitafuta nafasi ya gurudumu moja. Watoto wa shule wanashuka na kuendelea kwa mguu, begi mgongoni, maana wanajua watafika mbele ya gari walilolilipia. Mkaaji wa Bukavu anaijua picha hii, hakuna haja ya kumueleza zaidi.

Kinachohitaji kuelezwa ni sababu yake. Kila mara ambutiyaji inapozidi, jibu la wakubwa wa mji huwa lile lile. Polisi wanatumwa barabarani kwa siku mbili tatu, meza za akina mama zinavunjwa, nyanya na ndizi zinamwagwa, pikipiki zinakamatwa. Wiki ya kwanza barabara inapumua. Wiki ya pili kila mtu amerudi mahali pake, na pesa za faini hakuna anayejua zilienda wapi. Maoni yangu ni kwamba dawa hii haiwezi kutuponya, kwa sababu inagusa mahali ambapo ni rahisi kugusa, na kuacha mahali ambapo ugonjwa uko.

Mji wenye njia moja

Tuanze na udongo wenyewe. Bukavu ilianzishwa mwaka 1901, na baadaye Wabelgiji wakaiita Costermansville. Wazungu walijenga kando ya ziwa, kwenye zile rasi tano zinazofanana na vidole vya mkono. Waafrika waliwekwa Kadutu na Bagira. Barabara zilizochorwa wakati ule zilikuwa za mji mdogo wenye magari ya kuhesabika. Leo mji una watu zaidi ya milioni moja kwa makadirio mengi, juu ya kilometa za mraba 60 hivi, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni mlima na mabonde ambako gari haliwezi kupanda.

Wengi wetu tulikuja hapa tukikimbia. Tangu vita vya mwaka 1996, watu wa Kalehe, Walungu, Shabunda, Mwenga na Kabare wamekuwa wakiacha vijiji vyao na kutafuta usalama mjini. Walijenga pale walipopata nafasi: kwenye miteremko, juu ya mifereji, na hata katikati ya njia ambazo kwenye ramani bado ni barabara. Wengine walijenga bila kibali. Wengine walikuwa na kibali mkononi, chenye mhuri na saini, kwa kiwanja ambacho hakikupaswa kuuzwa. Huyu wa pili hakujipa karatasi mwenyewe.

Matokeo yake ni kwamba njia ndogo ambazo zingesaidia zile kubwa zimekufa, na magari yote yanamwagika kwenye mshipa mmoja, barabara Patrice Emery Lumumba na matawi yake machache. Anayetoka Bagira kwenda Panzi lazima akatize moyo wa mji. Kamyo inayotoka upande wa Uvira kwenda Kavumu nayo inapita mjini, maana hakuna barabara nzuri ya kuzunguka nje. Hata tukipunguza magari, mshipa mmoja ukizibwa mahali pamoja tu, mwili wote unalala.

Barabara inayofanya kazi nne

Wengine watasema shida ni magari kuwa mengi. Ni kweli yameongezeka. Lakini tuangalie jinsi barabara ile inavyotumiwa. Ni njia ya magari, ni soko, ni pahali pa kuegesha, na mvua ikinyesha inakuwa pia mfereji.

Hesabu yake si ngumu. Barabara yetu ina nafasi ya gari moja kwenda na gari moja kurudi. Kamyo moja ikisimama upande mmoja kushusha mizigo, magari ya pande zote mbili yanabaki na nafasi moja, na lazima wapishane kwa zamu. Hapo hakuna anayesimamia zamu. Sheria inakuwa ile ya mwenye nguvu mpishe. Dereva mmoja anajitupa mbele, wa pili anamkabili, na wote wawili wamekwama huku nyuma yao foleni ikirefuka hadi kwenye mzunguko. Mzunguko ukishajaa, hata yule anayekwenda upande ambao uko wazi hawezi kutoka.

Kuna jambo jingine ambalo tumelizoea mpaka hatulioni tena. Taksi na Hiace nyingi tunazopanda zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako magari yanapita upande wa kushoto. Usukani wake uko kuume na mlango wa abiria uko kushoto. Hapa Congo tunapita kuume. Kwa hiyo mama mwenye mtoto mgongoni anapofunguliwa mlango, anashukia katikati ya barabara, mbele ya pikipiki zinazokuja. Magari yote ya nyuma yanangoja mpaka amekatiza. Na dereva akitaka kulipita gari la mbele, haoni kinachokuja mpaka amekwisha kutoa nusu ya gari lake. Kila kituo cha namna hiyo kinakula dakika, na mara nyingine kinakula maisha.

Halafu kuna mvua. Maji yanateremka kutoka Kadutu na matope, chupa na mifuko ya plastiki. Mifereji imeziba au imejengewa juu, kwa hiyo maji yanapita juu ya lami na kuitafuna. Shimo likitokea, kila dereva anapunguza mwendo. Shimo moja lisilozibwa mwezi huu linakuwa bonde mwezi ujao, na mahali hapo panapata jina la ambutiyaji mpya.

Si suala la kuchelewa kazini tu

Mtu anaweza kusema: kuchelewa ni jambo dogo katika jimbo ambalo limeona vita na mauaji. Nafikiri si dogo. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, iko kusini mwa mji. Mama mjamzito anayetumwa huko kutoka Katana au Kavumu, akivuja damu, lazima avuke mji mzima. Gari la wagonjwa linapiga king'ora, lakini hata dereva mwenye moyo mwema hana pahali pa kuliachia njia: kushoto kuna meza za bidhaa, kuume kuna mfereji ulio wazi.

Moto nao hausubiri. Kadutu tumeona mara nyingi nyumba za mbao zikiwaka, moja ikiwasha nyingine, na gari la kuzima moto likifika wakati yamebaki majivu, au likifika na kukosa njia ya kuingia. Familia inayolala nje usiku ule haitauita msongamano jambo dogo.

Hata yule asiyeumwa na asiyeunguliwa analipa. Dereva wa taksi anachoma esanse akiwa amesimama, kisha anakata safari: nauli iliyokuwa moja inakuwa mbili. Mwalimu, mchuuzi na mwanafunzi wanatoa franka zaidi kwa njia ile ile.

Wenzetu wamejaribu nini

Kinshasa walianza kujenga madaraja ya kupitisha magari juu mwaka 2019, yale wanayoyaita saut-de-mouton. Kazi ilichelewa, barabara zikazungushiwa mabati kwa miezi mingi, na dawa ikawa yenyewe sababu ya msongamano. Mwaka 2020 kesi ya pesa za kazi hizo ilifika mahakamani. Oktoba 2024 mji huo ukajaribu jambo jingine, kuzifanya barabara kubwa kuwa za upande mmoja kwa masaa fulani. Raia wengi wakajikuta wanatembea kwa mguu kurudi nyumbani.

Nairobi ilifungua barabara ya juu ya kilometa 27 mwaka 2022, lakini ni ya kulipia, na asiyekuwa na pesa bado yuko chini kwenye foleni. Dar es Salaam ilichagua njia nyingine: tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yana barabara yao peke yao katikati ya barabara kubwa. Hilo limesaidia watu wengi, lakini linahitaji upana ambao Bukavu haina.

Somo ninaloliona ni hili: mji masikini, mwembamba na wenye milima usianze na saruji ya mamilioni ya dola. Uanze kwa kuirudishia barabara kazi yake.

Tufanye nini

Kwanza, makamyo. Yashushe mizigo usiku au alfajiri peke yake, na kamyo isiyokuwa na mzigo wa mjini isipite barabara Lumumba mchana. Jambo hili linahitaji barua moja ya meya na ukali wa kuisimamia. Linawagusa wafanyabiashara wakubwa, na labda ndiyo sababu ni rahisi zaidi kumkamata mama wa nyanya.

Pili, vituo. Taksi, Hiace na wamotari wapewe mahali pa kusimama palipochorwa, mbali kidogo na mizunguko, na wakikubaliane pamoja na vyama vyao. Motari si adui. Alizaliwa na barabara mbaya, naye ndiye anayempandisha mgonjwa mlima ambao gari limeushindwa. Ila naye akubali foleni, akubali kofia ngumu, akubali kwamba upande wa wanaokuja si wake. Na magari mapya ya kubeba abiria yanayoingia mjini yawe yenye mlango upande wa kuume.

Tatu, masoko. Mama hakai kando ya njia kwa kupenda vumbi. Anakaa pale mnunuzi anapopita, kwa sababu ndani ya soko pahali ni ghali, kodi ni nyingi, na anayemfuata ndani ni mlipisha kodi kuliko mnunuzi. Ukimfukuza asubuhi, watoto wake watakula nini jioni, na minervali italipwa na nani? Apewe nafasi ya bei ndogo katika masoko ya kartie, na barabara chache zilizochaguliwa ziwe soko la jioni, magari yakishapungua. Mwenye pahali pake hana sababu ya kukimbizana na polisi.

Nne, masaa. Shule nyingi na ofisi nyingi ziko Ibanda na zote zinafungua karibu saa moja. Shule zikianza mapema na ofisi zikafungua saa moja baadaye, foleni moja kubwa itagawanyika mara mbili. Hilo halina gharama yoyote.

Tano, ziwa. Tuna barabara pana ambayo haihitaji lami, na tunaipa mgongo. Mitumbwi ya mashine tayari inaleta watu na mizigo kutoka Idjwi na Kalehe. Kwa nini isiwe na safari fupi za asubuhi na jioni kati ya upande wa Bagira na rasi za Ibanda? Lakini tusidanganyane. Tarehe 3 Oktoba 2024 tuliona chombo MV Merdi kikizama karibu na Goma, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na watu wengi wakafa. Safari ya ziwani bila makoti ya kuokolea maisha na bila hesabu ya abiria ni kuhamisha kifo kutoka barabarani kwenda majini.

Sita, na hii ndiyo ndefu: kufungua tena njia ndogo zilizozibwa, kusafisha mifereji, na kuanza barabara ya kuzunguka mji. Kwa sheria ya Congo, kila lita ya esanse ina sehemu inayopaswa kwenda FONER, mfuko wa matengenezo ya barabara. Raia ana haki ya kuuliza sehemu ya Bukavu iko wapi, na kuona hesabu zikibandikwa mahali anapoweza kuzisoma. Na nyumba inayokaa juu ya njia ikiondolewa, aanze kuulizwa yule aliyeweka saini, kisha mwenye nyumba aliyelipa kwa nia njema alipwe.

Polisi wa barabarani nao wana kazi yao. Askari anayesimamisha gari katikati ya njia kuangalia karatasi anaziba barabara aliyotumwa kuifungua. Ukaguzi ufanyike pembeni, kwa saa zisizo na foleni, na askari mwenyewe alipwe mshahara unaotosha ili asiitafute posho yake dirishani mwa dereva.

Mwishoni, sisi wenyewe. Taka tunazotupa mferejini zinarudi barabarani na mvua ya kwanza. Gari tunaloegesha vibaya "kwa dakika mbili tu" linazuia watu mia. Hakuna meya atakayetufanyia hilo.

Mtu akitaka kujua kama viongozi wameanza kazi kweli, asihesabu meza zilizovunjwa. Aende Place Mulamba saa moja na nusu asubuhi, aangalie gari la wagonjwa likitokea upande wa Nyawera, ahesabu dakika litakazotumia kupata njia ya kwenda Panzi.